Mnyusi, Zinapokutana Reli

Mama alinikabidhi kifurushi chenye doti moja ya khanga na dawa za miguu, akakikaza kwa kamba ya katani, akaniambia neno moja tu: "Usije ukalala ukapitilizwa Mnyusi." Tiketi yangu ilikuwa ya Korogwe. Lakini mama mkubwa angesimama Mnyusi kunisubiri, na mzigo ulikuwa wake.

Nilikuwa sijapanda treni maishani. Kwa mama mkubwa tulikuwa tukienda kwa basi, tunashushwa kando ya lami na mabegi yetu, halafu tunatafuta namna ya kuingia ndani. Stesheni ya Mnyusi niliijua kama mahali pa kuchezea. Reli ilikuwa imeota nyasi, na sisi watoto tulitembea juu yake mikono tumeitanua, tukishindana nani ataanguka wa mwisho. Kwa zaidi ya miaka 20 treni ya abiria haikupita hapo. Iliporudi mwaka 2019, mama mkubwa alipiga simu Dar es Salaam usiku, akaweka simu dirishani ili mama asikie honi.

Basi nikapanda daraja la tatu, kiti cha dirishani. Pugu tukaipita jua bado kali. Ruvu ndipo moyo ulipochangamka, maana hapo njia hugawanyika: moja hushika Morogoro na kuendelea mpaka Kigoma, nyingine hukunja kulia kuelekea kaskazini. Sisi tukakunja kulia.

Kipande hicho cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kina urefu wa kilomita 188, na kilifunguliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na reli mbili zisizojuana. Ya kati ilitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda magharibi. Ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, miaka tisa kwa mwendo usiofika kilomita 90, kisha ikapanda hadi Moshi. Aliyetaka kutoka reli moja kwenda nyingine alitafuta chombo cha baharini au barabara. Taifa halikuwa na miaka miwili kamili ya uhuru lilipoziunga. Ninapoutazama mwaka ule 1963 siuoni kama tarehe ya kwenye vitabu. Ndio mwaka babu yangu alipopata kazi ya gengi.

Watu wa gengi ndio wanaoitunza njia. Kila kikundi kina kipande chake, na babu alitembea chake kila asubuhi akiwa na nyundo ndefu begani, akigonga vifungio vinavyoshika reli kwenye mataruma. Mama anasema alisikiliza kwa sikio tu: kilichokaza hulia, kilicholegea hujibu kwa sauti nzito. Alikuwa na kipimo cha chuma cha mita moja, upana wa njia hiyo, na hakuruhusu mtoto yeyote akiguse.

Usiku tulisimama mahali kwenye giza tupu. Njia ni moja, na treni mbili hupishana stesheni tu, penye reli ya pembeni. Ilitupasa tusubiri ya mizigo ipite. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alinimegea andazi, akanitandikia upande wa kitenge chake. "Lala, mwanangu. Mnyusi nitakuamsha." Sikulala. Ya mizigo ilipofika, behewa letu lilitetemeka mpaka vikombe vikagongana, kisha kimya, kisha nasi tukavutwa taratibu.

Kulipopambazuka nje palikuwa na mkonge, mistari iliyonyooka ikifunguka na kujifunga tulivyokuwa tukipita. Mwaka uleule 1893 ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 ya mkonge, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo michache pwani hii ikageuka shamba, na reli ikapata mzigo wa kupeleka bandarini Tanga. Nikaitazama kamba ya kifurushi mapajani mwangu.

Kisha, upande wa kulia, reli nyingine ikatokea kwenye nyasi. Ikawa inakuja, inasogea, mpaka ikawa sambamba nasi. Ilikuwa inatoka Tanga. Nilisimama nikashika chuma cha dirisha. Nilikuwa nimetembea juu ya reli ile miaka yote ya utoto na sikuwahi kujua kuwa nimesimama kwenye fundo.

Mnyusi haina jukwaa la juu. Unashuka ngazi za behewa, ya mwisho iko mbali na ardhi, unadondokea kwenye kokoto. Mkono ulinidaka kabla sijadondoka. Mama mkubwa alikuwa amefika tangu alfajiri, akiwa na kikapu cha machungwa. Nikamwambia shikamoo, akaitikia huku akinikagua uso. Nyuma yake walisimama watu wapatao thelathini, na wengi hawakuwa wasafiri. Wamekuja kupokea, kutuma, kuuza muhogo wa kuchemsha, au kutazama nani ameshuka. Basi halijawahi kuwakusanya watu hivi. Linapomtupa mtu kando ya lami, anayemsubiri hajui asimame wapi.

Alinivuta mpaka mwisho wa jengo, akanionyesha ukuta. Palikuwa na misumari miwili mikubwa iliyopakwa chokaa mara nyingi mpaka imekuwa minene kama vidole. "Hapa alitundika nyundo." Nikaigusa. Akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kwa muda, hakusema kitu. Honi ikalia. Nilimpa kifurushi, akaning'iniza kikapu begani mwangu, nikakimbia.

Mtu wa stesheni aliinua bendera ya kijani. Mama mkubwa hakupunga. Alisimama karibu na njia, kifurushi kichwani, macho yake chini, kwenye vifungio, magurudumu yakipita juu yake kimoja kimoja, mpaka behewa la mwisho.

Kabla sijafika Korogwe simu ikaita. Ni mama.

"Nimeshaambiwa," akasema. "Anasema una viganja vya baba."