Kadi Haiamki

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kadi ya mtandao bado haiamki. Rc5 ya Linux 6.14 imetoka jana. Nimeijenga, nikailaza kompyuta, nikaiamsha: skrini inawaka, kibodi imekufa. Yule mtumiaji wa Ureno aliyeripoti anasema kweli. Kwenye 6.6 iliamka, kwenye 6.12 inaganda. Katikati kuna mabadiliko maelfu kwa maelfu. Haya, tugawe nusu kwa nusu mpaka badiliko baya litoke.

Alhamisi, 6 Machi
Baada ya futari. Kujenga, kulaza, kuamsha. Nusu hii nzima, nusu ile mbovu. Macho yanauma.
Leo kuna aliyeuliza kwa nini draiva ya kadi hii isifutwe tu, kadi zenyewe hazitengenezwi tena. Imenikera. Ile ya floppy, 2019, Torvalds aliiandika yatima kwa kuwa mtunzaji wake hakuwa tena na kifaa kinachofanya kazi. Hiyo haki. Lakini kadi hii ninayo, ipo hapa mezani, na jina langu limo kwenye faili la MAINTAINERS. Na yupo mtu anaitumia. Wafute nini?

Jumapili, 9 Machi
Nimelipata! Daku nusura inipite.
Rejesta ya hali inasoma 0xffffffff. Biti zote 32 ni moja. Kadi imelala, na kifaa cha PCI kilicholala kikisomwa hutoa hivyo: moja tupu. Draiva inaamini kila kitu kimetokea kwa pamoja. Pakiti imefika, pakiti imetoka, hitilafu, kebo imechomolewa. Inashughulikia, inasoma tena, moja tupu tena. Haitoki humo. Na nani kaiita draiva kadi ikiwa usingizini? USB. USB na kadi wanatumia laini moja ya kukatiza (interrupt), mmoja akiita wote wanaulizwa.
Aliyeleta badiliko lile, la mpangilio wa kulaza vifaa, hana kosa. Yeye kaufichua tu ugonjwa uliokuwamo miaka yote.

Jumatano, 12 Machi
Mistari miwili. Ukisoma moja tupu, jibu si yako, toka. Maelezo ya kiraka ni marefu kuliko kiraka, na iwe hivyo. Atakayekuja baada yangu ajue sababu. Nimetia saini, nimetuma. Wa Ureno kajaribu: inaamka! Furaha niliyonayo sina wa kumwambia saa hizi.

Jumatatu, 24 Machi
6.14 imetoka leo. Kiraka kimo, na kitarudishwa 6.12 pia, maana ndiyo anayotumia yule bwana. Habari ya kufuta imekwisha. Draiva inabaki.