Bendera nyekundu iliyotoka nyeusi

Kazi imenibana, na hapa Rodi Kopany stima hukatika bila kubisha hodi, kwa hivyo mniwie radhi kwa ukimya. Leo nataka tuzungumze kuhusu picha za kale. Kuna watu husema picha haidanganyi. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, na kwangu picha ni data tu. Kila data ina chombo kilichoikusanya, na hakuna chombo kisicho na mipaka.

Habari yenyewe ilianza kwa mwalimu mmoja wa historia wa upande huu. Aliniletea flashi yenye picha za Zanzibar za mwaka 1896, akaniomba nizitie rangi kwa hizi programu za akili bandia ili wanafunzi wake wasisinzie darasani. Ombi dogo, kazi ya nusu saa. Nikazifungua nizitazame kwanza.

Tukumbushane kisa. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akajitwalia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa 3 na dakika 2 meli za kivita zikaanza kupiga mizinga. Baada ya kama dakika 38 (wengine huhesabu hadi 45) vita vilikuwa vimekwisha. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Sasa picha zinaonyesha nini? Jengo la kasri limebomoka. Milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani, imechomoza majini baada ya meli kuzamishwa. Wanamaji wa Kiingereza wamejipanga kando ya mzinga waliouteka, wamepozi kama timu ya mpira. Wale watu 500 hawamo hata katika picha moja niliyoletewa.

Dakika 38 ni sekunde 2,280. Simu ya kawaida ikirekodi kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde ingetupa picha 68,400. Lakini usidhani kamera za 1896 zilikuwa kobe. Mabamba makavu ya gelatini yalivumbuliwa 1871, na Kodak ya kubebwa mkononi ilianza kuuzwa 1888. Mtu anayekimbia juani angenaswa vizuri tu. Tatizo ni kusimama na kamera mahali mizinga inapoangukia. Mpiga picha huja moshi ukishatulia, na mara nyingi huja kwa ruhusa ya aliyeshinda.

Miaka 36 kabla ya hapo shida ilikuwa nyingine kabisa. James Grant alifika Zanzibar mwaka 1860 pamoja na Speke, akiwa na kamera, akapiga picha kadhaa pale mjini. Enzi hizo ulimwaga kolodioni juu ya kioo, ukakichovya kwenye kemikali ya fedha, ukapiga picha na kuisafisha kabla kioo hakijakauka. Una dakika kumi, labda kumi na tano. Sasa fanya hivyo ndani ya hema, kwenye joto la bara! Speke aliona kazi hiyo itamwangamiza mwenzake, akamwambia achore kwa mkono. Kwa hivyo Speke alipofika penye maporomoko ya Ripon, Julai 1862, hapakuwa na kamera. Hata Grant mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshatangulia kuelekea Bunyoro.

Turudi kwenye rangi, maana hapo ndipo nilipokwama. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Mabamba ya wakati ule yaliona vizuri buluu na zambarau, lakini nyekundu kwao ilikuwa giza. Yale yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa 1906. Kwa hivyo bendera nyekundu hutoka nyeusi, na anga la buluu hutoka jeupe tupu, bila wingu.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Nilipiga picha ya soko la Rodi, nikaandika mistari sita ya Python kwa maktaba ya Pillow, nikatupa chaneli ya nyekundu na ya kijani, nikabakiza buluu peke yake. Si sawasawa na bamba la kale, lakini inakaribia. Nyanya za mama mboga zikawa kama makaa. Jaketi za manjano za vijana wa bodaboda zikawa nyeusi. Na nyuso zetu, jamani! Ngozi ya kahawia haina buluu nyingi, kwa hivyo macho na meno yalibaki, mengine yote yakazama gizani. Nikawakumbuka mababu zetu katika zile picha za zamani, wanaoonekana wote sura moja. Wale wazee hawakufanana. Bamba ndilo lililoshindwa kuwatofautisha.

Programu ya akili bandia haijui hayo. Inaona doa jeusi juu ya mlingoti, inakisia. Niliijaribu mara tatu kwa bendera ile ile: ikanipa kahawia, kisha buluu iliyokolea, kisha nyeusi. Nyekundu haikutokea hata mara moja.

Juzi pia nimetumiwa kwenye WhatsApp "picha halisi ya Gor Mahia", yule mganga wa Kanyamwa, njia hii ya kwenda Ndhiwa. Haina tarehe, haina jina la mpiga picha, lakini ina rangi za kupendeza! Mtu ambaye simulizi husema aligeuka umbo lolote alilotaka, sasa amekubali kutulia mbele ya lenzi hadi rangi ya shanga zake ijulikane. Haya.

Mwalimu nilimrudishia picha zake bila rangi. Kando nikamwekea soko la Rodi mara mbili, la rangi na la buluu tupu, wanafunzi walinganishe. Hakufurahi sana siku hiyo. Wiki iliyofuata akapiga simu: darasa zima limebishana kuhusu nani alishika kamera, na kengele imelia kabla hawajafika kwenye tarehe. Sasa anataka ile mistari sita. Wikendi hii, stima ikiwepo, nitaiweka hapa nanyi mpakue.