Ramani ya Pafu Kabla ya Kisu

Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wahenga. Kauli hii niliielewa barabara mpwa wangu wa miaka mitatu alipougua nimonia mara ya nne. Kila alipotibiwa alipata nafuu, kisha homa ikarejea; na kila picha ya eksirei ilionyesha wingu lile lile sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Ugonjwa usiohama mahali pake una sababu yake.

Eksirei, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka wa 1895, huonyesha kivuli bila kutueleza kivuli hicho ni cha nini. Daktari akaagiza mtoto apigwe picha ya CT. Mtambo huu ulitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka wa 1971, na wavumbuzi wake, Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1979. Huupiga mwili picha tabaka kwa tabaka, mithili ya mkate uliokatwa vipande, kisha kompyuta huziunganisha. Mtoto alidungwa dawa yenye ayodini ili mishipa ya damu ing'are.

Picha zilifichua kwamba sehemu ya pafu ilikuwa imetengwa tangu angali tumboni mwa mamaye. Haikuungana na njia za hewa. Damu yake nayo haikutoka katika mshipa wa mapafu, bali katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kupitia mshipa wa ziada uliopenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo.

Hapo ndipo ilipo thamani ya picha hizo. Mpasuaji asiyejua kwamba mshipa huo upo anaweza kuukata kabla ya kuufunga. Ncha yake ikajivuta hadi tumboni, damu ikabubujika asikoweza kufikia kwa urahisi. Aliyeuona mapema huutafuta kwanza, akaufunga, ndipo akaondoa sehemu yenye kasoro.

Dada yangu alitakiwa kutia sahihi fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Kalamu ilimtetemeka. Daktari akaugeuza mtambo wa kompyuta upande wetu.

"Mama, huu ndio mshipa tutakaoufunga kwanza."

"Na pafu litakalobaki litamtosha mwanangu?"

"Litamtosha, mama. Sehemu hii haijawahi kumpumulia."

Dada akatia sahihi. Upasuaji ulifanywa, na mshipa ukapatikana pale pale ulipoonyeshwa.

Nawaasa wanafunzi wenzangu: istilahi za tiba tunazozijadili darasani si pambo la tasnifu. Picha humwongoza mpasuaji, lakini mzazi anayekabidhi mwanawe kisuni huongozwa na maneno. Tusipompa maneno hayo kwa lugha aijuayo, tutakuwa tumemwomba idhini ya jambo asilolijua.