Daftari la Zamu ya Usiku

Alizaliwa Kondoa, kwa wakulima wa mtama, akasomeshwa na mjomba, akatoka chuo cha uuguzi akitamani wodi ya watoto. Akapangiwa wodi ya ulinzi, kwa mahabusu na wafungwa wenye maradhi ya akili. Watu wengi wakisikia kazi hiyo huitaja taasisi ya Isanga ya Dodoma; yeye alikuwa kwingine, na huko ndiko alikostaafia. Ndiye anayeyaandika haya.

Aliyemfunza kazi alikuwa mzee wa zamu za usiku. "Mwanangu," alimwambia, "usiandike 'amechanganyikiwa'. Andika amefanya nini, saa ngapi, na nani ameshuhudia."

Mahakama ikitilia shaka akili ya mshtakiwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huipa hospitali siku 42 kumchunguza na kuandika ripoti. Hali yake ya leo si jibu. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinauliza kama wakati wa kutenda alielewa anachofanya, na kama alijua hakupaswa kukifanya. Mara nyingi mtu huyo amekaa rumande miezi, pengine miaka. Huletwa akiwa ametulia, amenyoa, anaamkia wakubwa. Utulivu wa leo si ushahidi wowote wa hali yake siku ya tukio.

Hapo ndipo mwandishi huyu alipogombana na daktari mmoja aliyemzidi cheo, na hoja ile hajaiacha hadi leo. Kijana mmoja alishtakiwa kwa mauaji, akasema hakumbuki lolote. Daktari alizungumza naye asubuhi moja, akaandika: anajifanya. Lakini daftari la usiku lilieleza mengine: kukakamaa, mikono na miguu kutupatupa, ulimi kung'atwa, shuka kulowa, kisha kuzunguka wodini bila kumtambua muuguzi. Tena haikuwa usiku mmoja. Kilikuwa kifafa, na baada ya kushikwa na kifafa mtu anaweza kutembea, hata kupigana, asikumbuke kitu.

Daktari alisema wauguzi hawatoi utambuzi wa ugonjwa. Kweli, hawatoi. Ila walikuwa macho yeye akiwa amelala! Yule mzee wa zamu za usiku alinakili kurasa zile kwa mkono wake na kudai ziambatanishwe na ripoti. Zikaambatanishwa. Jaji aliamua kwamba kijana alitenda kitendo kile, lakini hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili; kijana akapelekwa kutibiwa.

Siku hizi fomu zina visanduku vya kuwekea alama: amelala, hajalala. Fomu ya namna hiyo isingemwokoa yule kijana. Enyi vijana mlioshika zamu, andikeni sentensi nzima. Nanyi madaktari, kabla ya kuandika kwamba mtu anajifanya, someni daftari la usiku, ukurasa kwa ukurasa, kisha ndipo mtie saini.