Siyu, na Kamba ya Kuanikia

Safari ya kutoka Amu hadi Mtangawanda hupangwa kwa majira ya maji, kwani mkondo wa Mkanda haupitiki vyema maji yakitoka. Tulishuka gatini asubuhi, na kwa bodaboda tukafika Siyu, mji wa ngome na wa mafundi wa ngozi.

Ngome tuliipita tu. Tulikuwa na furushi la flaneli, pamba na vifungo, amana ya akina mama wanaowashonea binti zao sodo za kufuliwa. Sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2017 inampa mwanafunzi wa kike haki ya sodo za bure shuleni, ila shehena za visiwani haziwekani miadi na mwezi wa msichana. Dukani nako pakiti hufungwa gazeti mara mbili, utadhani imeibwa.

Kushona kulikuwa kazi nyepesi. Uzito ulikuwa katika kufua na kuanika. Maji ya visima yana chumvi, na ya jabia huhesabiwa kwa ndoo. Tena sodo haikauki vyema bila jua, na jua ndilo lililoogopwa. Binti mmoja alikuwa akizificha zake mbichi chini ya godoro, hata akashikwa na muwasho, akakosa shule siku tatu.

"Nilimfundisha mimi," mamake alisema. "Nami nilifundishwa na mama."

Tulinyamaza. Somo mmoja, mtu mzima, akatukumbusha kwamba Bibi Aisha alikuwa akimchana Mtume (S.A.W.) nywele hali yumo katika hedhi. Mwanamke husamehewa sala siku hizo, akasema, wala hakuambiwa ajifiche na jua. Haya ni jambo jema. Kumwachia mtoto maradhi si haya.

Hapo ukazuka ubishi mrefu: kamba iwekwe wapi? Wengine walitaka uani, ifunikwe leso. Somo akakataa leso: kitambaa kilichofunikwa hakipati jua. Suala la maji halikupata jawabu, ila nyumba mbili zenye jabia ziliahidi ndoo moja moja kila juma.

Tulipoondoka kuwahi maji, kamba ilikuwa imefungwa baina ya mpapai na ukuta wa matumbawe, na sodo nne zimeanikwa. Yule mama alizitazama, akavua leso kana kwamba atazifunika, kisha akairudisha begani.