Mabati Sita

Katika Injili ya Luka, mlango wa tatu, imo habari fupi ambayo askari wengi huipita bila kusimama. Watu walimwendea Yohana Mbatizaji kando ya mto Yordani, wakamwuliza la kufanya. Wakaja watoza ushuru wakauliza; na mwishowe wakaja askari, nao wakauliza lao. Yohana hakuwaamuru wavue mavazi ya kazi na kuziacha silaha zao. Aliwapa mambo matatu yaliyo mepesi kutamkwa na mazito kutendwa: wasimwonee mtu kwa nguvu zao, wasimzulie mtu kosa, na ujira wanaolipwa uwatoshe.

Habari hiyo ndiyo aliyopewa sajini mmoja kuifundisha Jumapili moja, katika kanisa dogo la kambi yao, upande wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Padri alikuwa na safari, na sajini alikuwa mzee wa kanisa anayejulikana kwa sauti yake nzuri na viatu vyake vinavyong'aa. Hakuna aliyeona ajabu kwamba amechaguliwa. Alikuwa mtunza ghala. Vitabu vyake vilikuwa safi, na kila blanketi na kila jembe lilikuwa mahali pake.

Usiku wa Ijumaa aliketi na Biblia na kalamu. Neno la kwanza halikumpa taabu, kwa maana hakuwahi kumpiga raia wala kumpokonya kitu. La pili pia alilipita salama. Alipofika kwenye ujira, kalamu ilisimama. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na mvua ilipopiga juu ya paa alikumbuka paa lingine, la nyumba ya mama yake, mlimani.

Miaka mitatu nyuma kambi ililetewa mabati ya kutengenezea nyumba za askari. Hati ya mzigo ilisema mabati mia mbili. Sajini alipohesabu, alipata mia mbili na sita. Alihesabu tena, akapata yale yale. Wakati huo nyumba ya mama yake iliezekwa kwa nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza. Bibi kizee alikuwa akihamisha kitanda kila mvua ilipobadili upande. Sajini aliandika mia mbili katika kitabu, na yale sita yakapanda mlimani usiku. Moyoni alijiambia kwamba hakumwibia mtu. Hati ilikuwa sawa, kitabu kilikuwa sawa, na mama alikuwa akilala pakavu.

Hivyo ndivyo dhambi ya nyumbani inavyoingia. Haivunji mlango, hubisha hodi kwa upole, ikiwa imebeba haja ya kweli mkononi. Mtu mwema hawezi kudanganywa na uovu mtupu, kwa hiyo hudanganywa na wema nusu. Sajini angaliona aibu kuiba kwa ajili ya pombe. Kwa ajili ya mama, aibu ilipata mahali pa kujificha.

Lililomsumbua zaidi usiku ule lilikuwa sala ya mama mwenyewe. Kila asubuhi yule mzee alimshukuru Mungu kwa jina la mwanawe, na aliwaambia majirani kwamba Bwana amemfunika kwa mkono wa mtoto wake. Miaka mitatu sajini alikuwa amemwacha mama yake amshukuru Mungu kwa kitu ambacho Mungu hakukitoa.

Mkewe aliamka akamkuta bado ameketi. Alimweleza yote. Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, mimi sikuzuii. Lakini uyahesabu mambo kabla hujayatenda. Imebaki miaka minne upate kiinua mgongo. Mkubwa wetu yuko kidato cha tatu. Ukivuliwa cheo, ni nani atakayemlipia karo? Nunua mabati sita uyarudishe kimya kimya ghalani, nani atajua?"

Wala hapakuwa na ubaya katika maneno yake. Ni maneno ya mwanamke anayejua bei ya sukari na bei ya daftari. Sajini alilifikiri shauri hilo hata alfajiri. Mwisho alisema, "Mama watoto, yakirudi kimya kimya, kitabu kitadanganya mara ya pili. Na mimi Jumapili nitasimama mbele ya vijana wale kuwaambia waridhike na mshahara." Mkewe akajifunga kanga, akaenda kuwasha moto wa chai. Alipomletea kikombe alisema neno moja tu: "Basi nenda mapema, kabla moyo haujapoa."

Katika vilima vile habari ya namna hii si ngeni. Uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, ulifika Kabale mwaka 1935, na wale waliookoka, walioitwa Balokole, walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: waliungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Wengi waliwacheka. Mtu aliyekwisha kusahau kuibiwa alishangaa kumwona mwizi mlangoni, mchana kweupe, na mali mkononi. Nyanya yake sajini alikuwa mmoja wao, na mjukuu alikua akizisikia nyimbo zao jikoni. Ni wepesi kuurithi wimbo. Ule mwendo wa kwenda mlangoni pa mtu, kila kizazi lazima kiutembee chenyewe.

Uganda imewaona Wakristo waliolipa gharama kubwa kuliko cheo. Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa jumba la Kabaka walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye naye aliokoka katika Uamsho huo mwaka 1948, aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Majina hayo husomwa kanisani kwa heshima, nayo yanastahili. Lakini yako hatari moja: Mkristo aweza kuwastaajabia mashahidi hata akadhani imani ni jambo la siku ya kufa tu. Wengi hawataitwa kufa. Wataitwa kuhesabu mabati na kuandika hesabu iliyo kweli.

Asubuhi ya Jumamosi sajini alipiga saluti mbele ya mkuu wake, akaeleza habari yake akiwa amesimama wima. Afande alimsikiliza asimkatize. Kisha alimwuliza, "Kuna mtu amekutisha?" Sajini akajibu, "Hapana, Afande." "Mkaguzi amekuja?" "Hapana, Afande." Afande aliitazama hati ya miaka mitatu, akaona iko sawa kabisa, na kwa muda hakujua la kusema. Mwisho alisema kwamba kanuni ni kanuni.

Hapakuwa na muujiza. Sajini alishtakiwa kwa taratibu za kambi, akaamriwa kulipa thamani ya mabati, akaondolewa ghalani na kupelekwa ulinzi wa lango. Kupandishwa cheo, ambako kulikuwa karibu, kukaenda kwa mwingine. Baadhi ya wenzake walimwita mjinga. Mmoja alimkasirikia, kwa sababu sasa kila ghala litakaguliwa. Na Jumapili ile hakufundisha. Alikaa benchi la nyuma pamoja na mkewe, na somo lilisomwa na koplo.

Kazi iliyokuwa nzito kuliko kwenda kwa Afande ilikuwa kupanda mlima kwa mama. Alimkuta akipepeta maharage mlangoni. Alipomaliza kusema, mzee aliweka ungo chini, akainua macho akalitazama paa lake muda mrefu. Kisha akauliza bati moja ni bei gani. Mwanawe akamtajia. Mama akasema, "Wewe lipa matano. Lile lililo juu ya kitanda changu nitalilipa mimi, nimelala chini yake." Sajini alikataa, akasema kosa ni lake peke yake. Mama akamwambia, "Mwanangu, usininyang'anye na hilo. Nataka nikishukuru kesho, nishukuru kweli." Juma lile aliuza mbuzi mmoja.

Tangu hapo sajini hukaa langoni, jua na mvua. Lango la kambi ni mahali pa majaribu: mwenye gari la mkaa huja na noti iliyokunjwa, mwuza ndizi huja na kikonyo kizuri kuliko vyote. Kiswahili ndicho lugha ya askari nchini humo tangu siku za King's African Rifles, na katika miaka ya 1970 raia wengi walijifunza kukiogopa, kwa kuwa walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikiamrisha na kudai. Wazee wapo ambao hata leo hushtuka wakisikia "simama". Sajini hulitamka neno hilo kila siku. Huongeza "tafadhali, mzee", hukagua anachopaswa kukagua, na noti huirudisha ikiwa imekunjwa vile vile. Hupati kusema kwamba hiyo ni mahubiri; lakini yule mzee huondoka amesikia Kiswahili kingine.

Karo ya mtoto ililipwa kwa shida. Mkewe aliongeza shamba la viazi, na muhula mmoja kijana alichelewa shule wiki mbili. Hayo nayo lazima yasemwe, maana mficha maradhi kifo humfichua, na anayeihubiri toba kana kwamba haina bei huwahadaa watu. Toba ina bei, na mara nyingine hulipwa na walio ndani ya nyumba ambao hawakukosa.

Askari wale wa Yordani, Injili haisemi walifanya nini baada ya kujibiwa. Labda wengine walirudi kambini wakasahau. Labda mmoja alikaa usiku akahesabu alivyo navyo, akatenga pembeni visivyo vyake. Habari yao imeachwa wazi, ili kila avaaye sare na kila aishiye kwa mshahara wa sare aimalize nyumbani kwake mwenyewe.

Na kule mlimani, mvua inyeshapo, bibi kizee hulala pakavu. Mabati ni yale yale sita.