Nakshi za Mlango wa Babu

Ukimtajia Mtanzania neno nakshi, mawazo yake yanakimbilia Unguja: milango ya Mji Mkongwe, maua, minyororo, misumari ya shaba. Ukimtajia uchongaji, atakwambia Wamakonde, mpingo, Mwenge. Singida hatumo. Sisi tunajulikana kwa alizeti, asali na kuku.

Ndiyo maana nyumba ya babu mzaa mama ilipobomolewa pale Mungaa, hakuna aliyewaza sana habari za fremu za milango. Zilikuwa za mninga, inchi 2 kwa 6, zimekaa ukutani tangu mama hajaolewa. Mjomba alishapata mteja. Mdogo wangu, anayepiga solo kwaya ya kanisani, akaomba mbao za fremu moja tu. Anataka kutengeneza bodi ya gitaa la umeme, tena yenye nakshi.

Ukoo ukagawanyika. Wapo waliosema waziwazi kwamba mlango wa mzee hauwezi kutobolewa ili upitishwe waya. Wengine wakapitia mlango wa nyuma: nakshi zitaua sauti, bora mbao ziuzwe.

Hilo la sauti nililifuatilia, maana kazi yangu ni kuuliza. Kwenye zeze la jirani zetu Wagogo, kibuyu ndicho kinachokuza sauti. Kwenye gitaa la kawaida lenye tundu, ni ule ubao mwembamba wa mbele. Ukivipunguza ovyo, umeharibu chombo. Gitaa la umeme lenye bodi nzima, lisilo na uwazi ndani, ni habari nyingine. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na mtikisiko ule unageuka umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Fender walipoanza kuuza magitaa ya namna hiyo mwaka 1950, bodi yake ilikuwa ubao bapa tu. Kwa hiyo mchongaji ana uhuru ambao mtengeneza zeze hana. Asiguse pale shingo inapofungwa na nyuzi zinaposhikiliwa, na asiache ncha kali pale mkono unapolala. Basi.

Fundi seremala wetu aliunga vipande vitatu kwa gundi, akapiga randa, akachora ua la Kizanzibari alilolitoa kwenye simu. Dogo akakataa. Akaenda kuleta kibuyu cha maziwa cha bibi, chenye mistari iliyochomwa kwa chuma cha moto: pembetatu zinafuatana mpaka zinakutana.

Fundi akacheka. "Hii nayo nakshi?"

Swali lile halijanitoka. Fundi amekunywa maziwa kwenye vibuyu vya namna hiyo tangu utoto, na hakuwahi kudhani mama yake alikuwa na kazi inayofanana na yake. Hata sisi ndugu, tuliokuwa tunagombania heshima ya mlango, kile kibuyu tulikuwa tumekiacha stoo na magunia.

Mninga unakubali patasi. Pembetatu zilitoka safi, zikazunguka tundu la komeo ambalo dogo alikataa lisizibwe. Msasa, vanishi, nyuzi.

Mjomba hajasema kama ni zuri. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye lile tundu, kisha akauliza kama linaweza kupiga nyimbo za Kinyaturu.